Kipa wa Klabu Mbili

Kila Jumanne na Alhamisi Saida alitoka shuleni na mifuko miwili, mmoja wa vitabu na mwingine wa glavu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye ndiye kipa wa timu ya wasichana ya mtaa wa Newtown. Kocha wao, Mama Arlène, alikuwa msusi kutoka Kongo. Siku hizo alifunga saluni mapema ili awafundishe.

Timu ilikuwa dhaifu. Mabeki walichoka kabla ya mapumziko, na Jumamosi moja Saida alifungwa mabao saba. Baada ya mechi hiyo, kocha wa klabu moja ya mji jirani wa Midrand, Théodore, alimwambia kwamba ana kipaji, akampa fomu ya kutiwa sahihi na mzazi, kisha akamkaribisha mazoezini.

Saida hakumwambia Mama Arlène. Mama yake mzazi, Tabia, aliyeuza vitenge sokoni, Saida alimdanganya kwamba ana masomo ya ziada ya hesabu kila Jumatano na Ijumaa. Théodore alipoulizia fomu, Saida alijibu kwamba mama ana kazi nyingi.

Kwa wiki tano alidaka huku na huko. Kwenda Midrand ni teksi mbili, kurudi teksi mbili. Alisinzia darasani. Kidole gumba cha kushoto kikavimba, akakifunga plasta na kukificha ndani ya glavu. Na huko Midrand hakucheza mechi hata moja. Alikuwa kipa wa tatu, kazi yake kuokota mipira nyuma ya goli.

Jumamosi ya wiki hiyo ya tano, timu ya Newtown ilikaribia kupata sare yake ya kwanza. Dakika za mwisho ukaja mpira mwepesi. Saida aliushika, lakini kidole kikakataa, mpira ukapenya na kuingia golini.

Wenzake hawakumlaumu. Beki wake, Jocelyne, alimpa pole na kumkumbusha mara zote alizowaokoa. Hapo Saida akakaa chini, akalia.

Mama Arlène alimvua glavu polepole, akaona kidole. Alipouliza kimeumia lini, Saida akaeleza yote.

Walikwenda pamoja kwa Tabia wakamweleza, kisha wote watatu wakaenda zahanati. Muuguzi alisema kidole kimeteguka na kinahitaji wiki tatu za kupumzika. Wakiwa hapo, Tabia alimpigia simu Théodore. Alimwomba radhi kwa uongo wa binti yake, kisha akamuuliza lini Saida atapangwa kucheza. Théodore alijibu bila kuficha: labda mwakani.

“Wewe unatakaje?” Tabia alimuuliza binti yake.

“Nimechoka kufungwa, Mama,” alisema Saida. “Lakini kukaa nyuma ya goli kumenichosha zaidi. Nitabaki Newtown mpaka msimu uishe.”

Mama Arlène alimshika bega. “Mwakani ukitaka kwenda, nitakuandikia barua mimi mwenyewe. Kuhama timu si kosa, mwanangu. Kosa ni kutuficha. Ulianza kuficha safari, ukaishia kuficha hata maumivu, na hakuna mtu ambaye angeweza kukusaidia.”

Saida aliitikia kwa kichwa. Jioni hiyo usingizi ulimchukua kabla ya chakula, na mama yake hakumwamsha.