Betri ya Saa ya Ukutani

Saa tatu na robo asubuhi iligundulika kwamba kinasa sauti hakipo. Ilipofika saa tatu na nusu, mfagizi alikuwa ameshavuliwa aproni.

"Kisiporudi kabla ya saa sita, kazi huna," Mshauri alimwambia, ulimi ukimteleza. Alikuwa ametoka kwa daktari wa meno, shavu bado limekufa ganzi.

Kazi ya Mshauri ni kuwalaza watu usingizi wa maneno. Mtu mwoga hujinyoosha kwenye kochi, akahesabiwa polepole kutoka kumi hadi moja, akaambiwa kwamba anatosha, akaamka kifua mbele. Maneno yote yamo ndani ya kile kinasa sauti.

Inspekta wa polisi aliyeitwa, mama mjane aliyezoea kula na redio mezani badala ya mtu, alikagua mlango. Haukuvunjwa.

"Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Wangu, wa mfagizi, na wa karani wa mapokezi."

"Mimi nimefika saa mbili na nusu," karani alisema upesi.

"Wewe sijakuuliza bado, mwanangu."

Saa ya ukutani ilikuwa imesimama: saa mbili kasoro dakika kumi.

"Jana nikifunga, saa tatu usiku, ilikuwa inatembea," Mshauri alisema. "Kilichoishiwa betri ni kinasa sauti. Nilikuwa ninunue leo."

Inspekta alipanda kiti, magoti yakilalamika, akaigeuza saa. Mahali pa betri palikuwa patupu. Akapiga simu kwa daktari wa meno, kisha akashuka kwa mlinzi, akarudi na daftari la getini.

"Mfagizi ameingia saa mbili na dakika tano, sahihi yake hii. Watu wa ofisi hawaandikwi, wanapita tu. Haya, kitendawili!"

"Tega," mfagizi peke yake aliitikia, akijifuta machozi.

"Nina mishale, sina upinde."

"Saa."

"Basi saa ndiyo shahidi wako. Mwizi alichomoa betri humu akaitia kule, maana alitaka kusikiliza papo hapo. Saa iliposimama, wewe hujafika getini. Mshauri yuko kwa daktari, mdomo wazi. Umebaki ufunguo mmoja."

Karani alivuta droo yake. Kinasa sauti kilikuwa chini ya bahasha.

"Miaka mitatu nawafungulia wateja mlango," alisema. "Wanaingia wameinama, wanatoka wamenyooka, hakuna anayeniaga. Nikajilaza kochini na mimi nisikie kwamba natosha. Niliposikia hatua ngazini nikatoka nacho kwa mlango wa nyuma."

"Na huyu alipokuwa analia mbele yako?"

"Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka."

"Leo imetoka. Twende ukaandike maelezo."

Mshauri alimnyooshea mfagizi aproni yake. Mfagizi akaipokea, akaifunga kiunoni.

"Dada, miaka mitatu nafuta meza yako. Ungenisalimu tu, ningekuitikia."

Karani alisimama mlangoni.

"Habari za asubuhi," alisema. Ilikuwa inakaribia saa sita.

Mfagizi aliinama kuchukua ndoo.

"Nzuri," akajibu, bila kugeuka.