Nafasi ya Lucius

Jumamosi mchana Mtaa wa 52 ulifurika watu mpaka wakamwagika barabarani. Wanawake walikuwa wakitoka saluni vichwa vinang'aa, wanaume wamejazana mlangoni kwa kinyozi wakibishana juu ya mpira wa kikapu, na muuza barafu ya limau hakupata hata nafasi ya kujifuta jasho. Mwenye duka la santuri alikuwa ametoa spika moja nje, akaiegemeza ukutani, na spika hiyo ilikuwa inaimba nyimbo za The Lindells, kundi la waimbaji watano.

Delphine Mosby alikuwa anapita tu. Alivaa gauni la pamba la rangi ya zabibu, alilolishona mwenyewe, na viatu vya kamba vilivyokuwa vinamuuma. Tangu wamzike kaka yake wakati wa theluji hakuwa akipita upande ule. Lucius ndiye aliyekuwa ile sauti nyembamba ya juu, inayopanda peke yake katika nyimbo zote za The Lindells, na spika ile haikuwa na adabu: ilimtoa kaburini wakati wowote ilipotaka. Siku hiyo, kwa ajili ya viatu, alisahau kuvuka barabara.

Wimbo ulimkuta mbele ya mlango. Watu wakaanza kuimba pamoja na santuri, kama ilivyo kawaida ya West Philadelphia, na wote waliimba sehemu ya Lucius, na wote waliiimba vibaya. Wote isipokuwa mmoja. Karibu na bega lake kulikuwa na mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la rangi ya haradali, ingawa mbingu ilikuwa kavu. Alikuwa amefumba macho, anaimba polepole kitu kingine kabisa, kitu kilichokuwa katikati ya wimbo, chini ya ile sauti ya juu na juu ya besi.

"Samahani," Delphine akasema kabla hajajizuia. "Unaimba nini?"

Mwanamume akafumbua macho. "Naimba wimbo huu huu, dada."

"Hapana. Hawa ndio wanaimba wimbo. Wewe unaimba sauti ya pili."

"Umeisikia?" Alishangaa kama mtu aliyeshikwa mkono mfukoni. "Hakuna anayeisikiaga."

"Nimekulia ndani yake. Walikuwa wanafanyia mazoezi bafuni kwetu, kwa sababu ya mwangwi. Mama yangu alikuwa anaomba ruhusa kwenda chooni kwake mwenyewe."

Mwanamume akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akavua kofia. "Bafuni kwenu. Basi wewe ni Mosby. Ni mdogo wake."

"Ndiye mimi." Delphine aliyaona macho yake yakibadilika, akachukia, kwa maana alishachoka kupewa pole na watu wasiomjua. Ili kumnyamazisha akamuuliza, "Kwa nini huimbi ya juu kama wenzako?"

"Ya juu ina mwenyewe," mwanamume akasema.

Delphine akasimama pale mpaka santuri ikaisha, na viatu vyote viwili akavisahau.

Jina lake lilikuwa Hosea Gantt, dereva wa tramu, aliyejifunza kuimba kwa kusikiliza santuri za The Lindells na kupunguza mwendo wa sahani kwa kidole mpaka sauti zikaachana. Alimpigia simu Jumatatu.

"Haloo, bibie wa bafuni."

"Usiniite hivyo, Hosea. Mama yuko kwenye simu ya ghorofani."

"Siko," ikasema sauti ya Mama Ernestine.

"Shikamoo, mama," Hosea akasema.

"Marahaba. Unakwenda kanisa gani?"

"Mama, weka simu chini!"

"Naweka. Nauliza tu. Mtu hawezi kuuliza?"

Waliongea kila siku, na Jumamosi Hosea alipita kumwona. Delphine alikuwa akifunga duka lake la ushonaji, anavuta waya wa simu mpaka kwenye meza ya cherehani, anaibana simu shingoni na kuendelea kupindia nguo. Hosea alimuuliza mambo ambayo hakuna aliyemuuliza tangu mazishi. Watu wengine walitaka kujua Lucius alikufaje. Yeye alitaka kujua Lucius alikuwa anakula nini kabla ya kuimba.

"Samaki wa kukaanga na pilipili ya chupa," Delphine alimwambia. "Walimkataza wote. Besi alikuwa anamnusa mdomo kama askari. Akawa anakula amejificha nyuma ya kanisa, anarudi anaimba kama malaika."

"Na ile siku redio ilipowapiga mara ya kwanza?"

"Mtaa mzima ulifungua madirisha. Lucius alikuwa amepaka povu la kunyolea nusu ya uso. Akatoka nje hivyo hivyo, akakaa kwenye ngazi analia, povu linamdondokea."

"Endelea, mpenzi."

"Umeniita nani?"

"Ulimi umeteleza. Endelea."

Akaendelea. Akamweleza suti tano za rangi ya mbingu, zilizokatwa kutoka jora moja, ambazo pindo zake alizishona yeye akiwa bado msichana wa shule. Akamweleza jinsi walivyojifunza hatua za kucheza katika chumba cha kulia chakula, na viti vya mama yake vimepangwa ukutani, na jinsi yeye alivyokuwa akiitwa kusimama mahali pa yeyote aliyechelewa. Lucius alikuwa wa kwanza kushoto. Kila jukwaa, kila mji, wa kwanza kushoto.

"Siku ya mazishi," alisema, na cherehani ikanyamaza, "niliwaambia walobaki. Mkitaka kuimba tena, imbeni. Lakini pale asisimame mtu. Mimi nikiona mtu pale, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Nimekusikia," Hosea akasema.

Mwezi wa tano ulipoanza, Hosea akaacha kupatikana siku za Alhamisi. Ana zamu, alisema. Delphine alimtania kwamba tramu imekuwa mke mwenza wake, akacheka, na Hosea akacheka pia, ila akachelewa kidogo.

Alhamisi moja jioni Delphine alikwenda kanisani kupeleka majoho ya kwaya aliyokuwa ameyatengeneza mikono. Aliposhuka ngazi za ukumbi wa chini alisikia wanaume wakivumisha wimbo kwa midomo iliyofungwa. Aliujua kabla hajafika mlangoni. The Lindells. Akachungulia kwenye kioo kidogo cha mlango.

Walikuwa wamempa mgongo, wamevaa zile suti za mbingu, zilizobana sasa viunoni. Na pale kushoto, wa kwanza kabisa, ndani ya suti ambayo pindo lake alilishona kwa mkono wake, alisimama mtu mrefu ambaye shingo yake angeitambua popote.

Hakungoja asikie anaimba nini. Aliyaweka majoho kwenye ngazi, akarudi nyumbani kwa miguu.

Simu ililia saa ya kula.

"Bibie wa bafuni—"

"Leo ulikuwa na zamu?"

Hosea akakohoa.

"Nijibu, Hosea."

"Nilikuwa kanisani. Delphine, siruhusiwi kusema. Mtu akiwa kwenye majaribio hasemi nje mpaka besi ampe mkono. Ndiyo desturi yao, wewe unaijua kuliko mimi."

"Naijua. Na wewe uliijua yangu. Uliniambia ya juu ina mwenyewe. Kumbe unanisikiliza, unanichota kidogo kidogo, samaki, povu, hatua, mpaka umjue vya kutosha umvae!"

"Umeona nini? Hebu niambie umeona nini."

"Nimekuona umesimama anaposimama kaka yangu."

Akakata. Hosea alipopiga tena, Mama Ernestine ndiye aliyepokea. "Hayupo," akasema. "Ameniambia niseme hayupo. Na mimi nakwambia, mwanangu, amekaa hapa anaiangalia simu kama vile imekuwa nyoka."

Siku zikapita. Delphine alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Mara mbili alisimama mbele ya simu na mara mbili akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Kilichomuuma hakikuwa suti. Alikuwa amempa mtu yule kumbukumbu zake zote, moja moja, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto, na sasa hakujua zimekuwa za nani. Hata Lucius mwenyewe, akimkumbuka, alimjia na shingo ya Hosea.

Ijumaa mchana Mzee Tate akaja. Roosevelt Tate ndiye aliyekuwa besi wa The Lindells, mtu mnene mwenye sauti ya kutikisa vikombe kabatini, na alikuja amebeba pai ya viazi vitamu ya mke wake, dalili kwamba ametumwa.

"Kijana wangu hali wala halali," alisema, akijikatia kipande kikubwa zaidi. "Anaendesha tramu anapita vituo. Abiria wanalalamika."

"Apite tu."

"Siku ile ulipochungulia, wimbo ulikuwa umefika wapi?"

"Mzee Tate, sitaki—"

"Nakuuliza swali la kazi, binti. Wimbo ulikuwa wapi?"

Delphine akafikiri. "Mnavumisha. Baada ya kiitikio cha pili."

"Na baada ya kiitikio cha pili tunafanya nini?"

Delphine akaisukuma pai kando. Akainuka, akavipanga viti vitano ukutani kama zamani, akasimama nyuma ya kimoja. Kushoto, kulia, geuka, bega. Miguu yake ilizijua hatua zote bila kuulizwa. Kiitikio cha kwanza, kila mtu mahali pake. Kiitikio cha pili, geuka, na mstari wote unasogea: kila mtu anahama nafasi moja kushoto, na wa kwanza kushoto anazunguka mbele ya wenzake na kwenda kusimama mwisho wa kulia, huku bado anaimba. Mkono wake ukaishia kwenye kiti cha mwisho.

"Ee Mungu," akasema.

"Lucius angekuwa amekwisha kwenda kule," Mzee Tate akasema. "Yule uliyemwona alikuwa anapita njia tu. Ameshika nafasi ya pili, ya Wendell aliyehamia California. Hata suti ni ya Wendell."

"Wewe usingejua tofauti?" akauliza Mama Ernestine kutoka jikoni. "Na zote umezishona wewe?"

"Mama!"

"Nisikilize," Mzee Tate akaendelea, na sauti yake ikashuka mpaka ikawa karibu haipo. "Sisi tulimwomba achukue ya Lucius. Nitakwambia ukweli, tulimwomba mara mbili, maana ile sauti anayo, tena anayo sana. Akakataa. Hakusema kwa nini. Alisema tu, hapo pana mwenyewe."

Delphine akakaa kwenye kimoja cha vile viti. "Sasa ya juu anaimba nani?"

"Hakuna."

"Mtaimbaje bila ya juu?"

"Vibaya, labda," akasema Mzee Tate. "Njoo Jumapili usikie."

Alipoondoka, Delphine alimpigia Hosea. Simu ililia katika nyumba isiyo na mtu, ikalia, ikalia.

Jumapili baada ya ibada ukumbi wa chini ulijaa. Delphine alivaa nguo ya kijani ambayo Lucius alimwambia inamfanya afanane na shangazi yao, na kwa hiyo hakuwahi kuivaa. Alikaa nyuma. Hakujua kama Hosea angemtazama, wala hakujua atafanya nini akimtazama.

Wakatoka wanne. Wakajipanga mahali pa watu watano. Kushoto kabisa kulikuwa na sakafu tupu, na wote ukumbini wakaitazama ile sakafu, na mama mmoja akasema "Yesu" kwa sauti ya chini.

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikuwa mgumu kusikiliza. Pale ambapo Lucius angepanda, hapakuwa na kitu, na kila mtu alikisikia kile kisichokuwepo. Vidole vya watu vilikaza kwenye mapaja. Hakuna aliyethubutu kujaza. Lakini wimbo ulivyoendelea, kwa kuwa juu palikuwa wazi, Delphine alianza kusikia kilichokuwa kimembeba kaka yake miaka yote ile: besi ya Mzee Tate chini kama sakafu, na katikati, thabiti, bila kujikweza, bila kuchungulia juu hata mara moja, Hosea.

Kikaja kiitikio cha pili. Wakageuka. Na mstari uliposogea, pengo nalo likaondoka mahali pake. Waliliacha lipite. Mmoja mmoja, walirudi nyuma nusu hatua kulipa njia, kama unavyompisha mtu, mpaka likafika mwisho wa kulia likasimama hapo. Hosea, sasa wa kwanza kushoto, alikuwa amegeuza uso kulifuata kwa macho. Alitabasamu kidogo alipoona limefika.

Hapo ndipo Delphine alipolia. Siku ya mazishi hakulia; alikuwa na suti nyeusi ya marehemu ya kupiga pasi. Alilia sasa, mbele za watu, mdomo wazi, akatoka nje kwa mlango wa pembeni, akakaa kwenye ngazi juani.

Makofi yalipokwisha mlango ulifunguka. Hosea alisimama hapo, shati limemganda mwilini.

"Nimekukosea," Delphine akasema bila kumwangalia.

"Umekosea hatua moja tu."

"Usinifanyie mzaha, nalia."

"Naona. Mimi pia nilikosea. Ningevunja ile desturi yao nikakwambia siku ya kwanza. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nikikwambia nimeingia Lindells, utafikiri nilikuja kwa ajili yake. Mimi nilisimama pale dukani kwa ajili yake, kweli. Jumatatu nilipokupigia, nilikupigia wewe."

Delphine akapangusa uso kwa kiganja. "Tafuteni mtu wa juu, Hosea. Msiiache hivi milele. Lucius hakupenda wimbo wenye tundu. Mwambie Mzee Tate amlete huyo mtu kwangu, nitampunguzia mwenyewe ile suti ya mbingu ya Lucius."

"Una hakika?"

"Sina. Mlete kabla sijabadili mawazo."

Hosea akashuka ngazi moja. "Na mimi? Mimi unanipa nafasi ya nani?"

"Yako haijawahi kuwa na mtu."

Hosea akashuka ngazi nyingine. Kisha akasema haraka, maneno yakigongana, "Basi nikuoe, Delphine. Nikuoe mwaka huu."

"Unaniuliza hapa? Na jasho hilo?"

"Nikingoja nikauke nitaogopa tena."

Alicheka, na kicheko kikamfungulia machozi mengine, mengi kuliko ya kwanza. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, nimekubali. Lakini kwanza niache nimlie ndugu yangu nimalize."

Ndani watu walikuwa wameanza kuburuta meza kwa ajili ya chakula. Hosea akakaa kando yake kwenye ngazi. Hakumshika, wala hakumwambia anyamaze. Alikaa hapo, koti la mbingu magotini, mpaka Delphine alipomaliza.