Springi za Ijumaa

Yaarub hakuwa mtu wa kukaa akatulia. Hata chai aliinywa amesimama. Mkewe, Rahila, alikuwa akimwambia, "Kaa kitako, kikombe hakikimbii." Yeye hucheka, akapiga funda la mwisho, akashika funguo za gari.

Walikaa Amerat, nyuma ya milima ya Maskati: yeye, Rahila, na mama yake Yaarub, Bi Mwanamize. Kuanzia Jumapili mpaka Alkhamisi Yaarub aliupanda mlima kwa gari lake la aina ya jeep, akashukia upande wa Bausher, akaenda mpaka Rusayl. Huko alikuwa msimamizi wa ghala la kiwanda cha mabomba. Alasiri alirudi kwa njia ile ile. Na siku tatu katika wiki, akifika tu, alimchukua mama yake kumpeleka kliniki ya mazoezi, ng'ambo ya mlima huko Bausher.

Bi Mwanamize aliteleza bafuni, goti likavunjika. Daktari aliliunga vizuri. Lakini goti lililoungwa halitaki kuachwa hivi hivi. Lisipofanyizwa mazoezi hukaza kama bawaba yenye kutu. Mtaalamu wa kliniki alisema, "Siku tatu kila wiki, kwa miezi mitatu. Usikose."

Bi Mwanamize alikuwa na hamu moja tu. Tangu alipoanguka alikuwa akisali juu ya kiti. Maumivu aliyavumilia. Fimbo aliizoea. Kiti ndicho kilichomkera.

"Miaka sitini nimeweka paji langu la uso chini," alimwambia Rahila. "Leo nasali kama mtu anayengoja zamu kwa daktari. Nataka kusujudu, mwanangu. Sitaki kitu chengine."

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Goti lilianza kukunjika. Kisha Yaarub akalibadilisha gari lake springi.

Chanzo kilikuwa Khattab, binamu yake. Kila Ijumaa baada ya sala, ukoo wao huenda wadini, kwenye bonde la mto mkavu katikati ya milima. Huchukuliwa majamvi, sufuria za wali, masanduku ya barafu na gunia la makaa. Magari hupangwa mstari kivulini mwa jabali. Wanaume huyazunguka wakiyasifu kabla hata sahani hazijatandazwa. Na gari lililosifiwa kuliko yote ni la Khattab, refu, limesimama kifua mbele.

"Yakhe," Khattab alimwambia, "gari lako limekaa kama kuku anayeatamia. Tia springi kama zangu. Ngumu, inchi nne juu. Utaniombea dua."

Watu wakacheka. Yaarub naye alicheka, lakini neno lilimwingia. Hakulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu alikuwa garaji.

Alirudi nyumbani akipiga honi. "Mama! Njoo uone!"

Bi Mwanamize alitoka na fimbo yake. Alilitazama gari, kisha akamtazama mwanawe aliyekuwa akicheka meno yote nje. "Mashaallah," alisema. "Limekua kuliko mwenyewe."

Tangu siku ile visingizio vikaanza. Jumapili Bi Mwanamize alisema, "Leo nna mafua." Jumanne akasema ana mgeni, na mgeni hakuonekana. Siku aliyokwenda alirudi amekunja uso, akaingia chumbani moja kwa moja. Wiki iliyofuata alikwenda mara moja tu.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa kliniki.

"Goti la mama limerudi nyuma," alisema mtaalamu. "Akiendelea kukosa, litakaza. Likikaza hivyo, siwezi kukuahidi kitu."

Yaarub alizunguka uani kama aliyepoteza kitu. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alikuwa na hofu, na hofu kwake ilitoka kwa sura ya hasira.

"Mama, kwa nini hutaki kwenda? Si wewe uliyesema unataka kusujudu?"

"N'takwenda, mwanangu, inshaallah."

"Lini? Leo? Kesho?"

"Usinipigie kelele, Yaarub. Goti ndilo lililovunjika, masikio yangu mazima."

Rahila akamvuta mumewe kando. "Muache. Kuna jambo, ila hataki kulisema."

Jioni ile Yaarub aliliosha gari. Halikuwa chafu, lakini mikono ilitaka kazi. Siku hizi gari nalo lilimtia wasiwasi. Likifika kwenye matuta ya barabarani liliruka. Kwenye kona za mlimani liliinama. Alikuwa ameshampigia simu Khattab, na Khattab amemwambia, "Tia shokapu ngumu zaidi." Kesho yake alikuwa anakwenda kuzitia.

"Unaliosha mpaka litoke rangi?" ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Ghaliya, jirani yao. Ghaliya alifundisha ufundi wa magari katika chuo. Wazee wake walitoka Ujiji, na Bi Mwanamize hakuacha kumtania kwa Kiswahili chake cha bara. Lakini mtaani Amerat, gari likikohoa, wanaume wenye madevu yao walimgongea mlango yeye.

Yaarub alimweleza habari ya shokapu. Ghaliya alikwenda nyuma ya gari, akapanda juu ya bampa kwa miguu miwili, akajirusha kidogo. Gari halikubonyea.

"Mimi si mwepesi," alisema. "Na gari lako halina habari nami. Wiki hii lilibeba nini?"

"Mimi. Na mama, siku moja."

"Na hizi springi zimetengenezwa kubeba nini?"

Yaarub hakuwahi kuuliza.

"Za Khattab nazijua," Ghaliya aliendelea. "Khattab anapeleka watalii jangwani. Juu ana hema, nyuma ana mapipa ya maji, matairi mawili ya akiba na jiko. Mzigo ule uko garini kila siku ya Mungu, si chini ya kilo mia tatu. Springi ngumu zinamfaa, kwa sababu mzigo unazikandamiza zikafanya kazi. Lako tupu. Springi haipati cha kubeba, basi inamrusha aliye ndani. Ukiona vyaelea, vimeundwa, ndugu yangu. Wewe umeona kuelea tu."

"Lakini mimi naliendesha kila siku. Mbona siumii?"

"Wewe unakaa mbele, na unaliona tuta kabla hujalifikia. Mama anakaa wapi?"

"Nyuma. Anapenda kunyoosha mguu."

"Mwite Rahila akae mbele na mimi. Nipe funguo. Wewe kaa nyuma."

Yaarub alipanda nyuma. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi kilivyokuwa juu kile kizingiti cha mlango. Ilimbidi ashike kwa mikono miwili, na yeye magoti yake mazima. Alipokaa, mkono wake uligusa furushi la kanga lililosukumwa pembeni ya kiti. Alikuwa akimwona mama yake akilibeba, akadhani ni nguo. Alilifungua. Ndani mlikuwa na mito miwili midogo, imefungwa pamoja kwa kamba.

Ghaliya akaondoa gari. Mtaani kwao kuna matuta manne kabla ya kufika barabara kuu. Kwenye tuta la kwanza Yaarub aliruka juu ya kiti. La pili lilimgonga mgongo. La tatu alishika mpini wa juu ya dirisha, na la nne meno yake yaligongana. Na huko mbele, kwenye kushuka Bausher, kulikuwa bado na kona na viungo vya lami ambavyo yeye alivipita kila siku akisikiliza redio.

"Basi," alisema. "Simamisha."

Alikaa palepale na ile mito mapajani. Rahila aligeuka akamwona anafuta macho kwa ncha ya kilemba. Yaarub aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma kifuani. Alimpigia kelele mama yake, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimvunja mara ya pili, tuta baada ya tuta.

Waliporudi alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Bi Mwanamize, akakaa chini, miguuni pake.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Bi Mwanamize aliitazama ile mito, akajua siri imetoka. "Siku ulipolileta gari lile ulicheka," alisema. "Tangu baba yako alipotangulia mbele ya haki, sijakusikia ukicheka vile. Nikasema, acha niumie kidogo, mwanangu afurahi."

Yaarub aliubusu mkono wa mama yake, kisha akaondoka ghafla. Nje Ghaliya alikuwa akiongea na Rahila.

"Nazing'oa leo!" alisema Yaarub. "Niambie nitie zipi, niende sasa hivi garaji."

"Huendi popote. Haraka ndiyo iliyokuletea hizi." Ghaliya alitoa daftari kwenye mkoba wake. "Wanafunzi wangu hawashiki spana kabla ya hili. Wiki mbili, kila siku, andika watu wangapi wamepanda, mzigo gani na njia gani. Ndipo tutajua gari lako linaishi vipi."

"Wiki mbili! Na mama je?"

"Mama nitampeleka mimi. Gari langu dogo, limekaa chini, na alasiri sina darasa."

Bi Mwanamize alisikia kutoka dirishani. "N'takwenda nawe," alisema, "lakini njiani utazungumza taratibu. Kiswahili chako cha Ujiji chanipita kama treni."

"Haya, Bi mkubwa," alijibu Ghaliya, na wote wakacheka, hata Yaarub.

Zile wiki mbili zilimtafuna. Siku ya kwanza aliandika, "Mimi peke yangu. Lami." Siku ya pili, "Mimi peke yangu. Lami." Ijumaa aliandika karibu ukurasa mzima: watu watano, sufuria mbili, barafu, makaa, maji, njia ya changarawe. Jumapili ikarudi, "Mimi peke yangu. Lami." Mara kadhaa alitaka kulitupa daftari dirishani.

Siku ya kumi na nne Ghaliya alikuja, akalisoma amesimama. "Siku kumi na mbili lami, mtu mmoja au wawili. Siku mbili wadini. Umeliona kosa lako?"

"Nimelichagulia gari springi za Ijumaa," alisema Yaarub. "Nikasahau siku nyengine."

"Hapo umefaulu mtihani."

Walikwenda garaji pamoja, na Rahila naye. Ghaliya alieleza polepole, na Yaarub, kwa mara ya kwanza, alisikiliza bila ya kuchezea funguo.

"Springi ndiyo inayobeba. Shokapu ndiyo inayoituliza springi isirukeruke. Ni kama mume na mke, mmoja akiwa mkali na mwengine hamuwezi, nyumba haikaliki. Chagua springi ya mzigo wako wa kila siku, kisha shokapu inayokwenda nayo. Usibadilishe moja ukaacha nyengine bila kumuuliza fundi anayejua."

"Na urefu?"

"Vidole viwili vinakutosha kupita changarawe. Ukipandisha sana, gari linainama kwenye kona, taa zinawapiga machoni wanaokuja, na mama hafiki mlangoni. Kisha waulize watu wa ukaguzi wa magari kinachoruhusiwa. Uliwauliza mara ile?"

Yaarub akatazama viatu vyake.

Aliwauliza mara hii. Kisha fundi akatia springi za wastani na shokapu zake, akapima mwelekeo wa magurudumu, akarekebisha taa, akafunga ngazi ya kukanyagia chini ya mlango. "Ijumaa je?" aliuliza Yaarub. Ghaliya alimwambia aweke vizito chini, si juu ya paa. Kwenye changarawe apunguze upepo wa tairi kidogo na aende polepole, na kabla ya kurudi kwenye lami aujaze tena.

Springi ngumu alizichukua Khattab. Zake zilikuwa zimechoka kwa mzigo, na hizi zilimfaa hasa. "Gari lako limerudi kuatamia," alimtania Yaarub.

"Acha liatamie," alisema Yaarub. "Mayai yangu yamo ndani."

Jumapili iliyofuata Bi Mwanamize alikanyaga ngazi, akashika mpini, akapanda mwenyewe. Tuta la kwanza lilipita. La pili likapita. Yaarub alimtazama kwenye kioo kila nukta. Kwenye tuta la nne Bi Mwanamize alisema, "Tazama mbele, wewe. Mimi nipo."

Hakukosa tena kliniki hata siku moja.

Miezi miwili ilipita. Alkhamisi moja Yaarub alirudi kutoka Rusayl, akaingia ndani na funguo mkononi, akiita, "Mama, yalla, tutachelewa!" Hakujibiwa. Alifika mlangoni pa chumba cha mama yake akasimama.

Kiti kilikuwa kimesogezwa ukutani. Bi Mwanamize alikuwa juu ya msala, paji la uso chini. Alikaa hapo muda mrefu, kama mtu aliyefika kwao baada ya safari. Yaarub hakusogea. Funguo hazikulia mkononi mwake.

Alipotoa salamu, Bi Mwanamize aligeuka. Macho yake yalikuwa maji, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Mbona umeganda hapo? Njoo unipe mkono. Na kiti hicho kitie garini, kesho Ijumaa. Wadini watu hukaa juu ya mawe."

Yaarub alimwinua, akakumbatiana naye, kisha akakibeba kiti mpaka garini. Akakiweka chini, si juu ya paa. Akatoa daftari kwenye dashibodi, ambalo hakuna aliyemlazimisha kuliandika tena, akatafuta kalamu, akaandika: "Mzigo wa Ijumaa: kiti kimoja."

Kisha akarudi ndani, akakaa kitako, akanywa chai yake.