Ujumbe wa Kila Asubuhi kwenye Kompyuta ya Mkunga

Mke wangu ni mkunga. Watoto wengi wa mtaa huu wamepokewa na mikono yake. Mimi, fundi seremala, hujigamba utadhani niliwapokea mimi.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda zahanati, mke wangu alikuwa akikaa kwenye kompyuta na kuandika kitabu cha kuwafundisha wakunga wapya.

Basi kompyuta ikaanza vituko. Kila akiiwasha, programu ya kuandikia inajifungua yenyewe na kutoa ujumbe: "Faili halipatikani." Anaufunga. Kesho yake upo palepale.

"Hivyo ni virusi," nikasema kwa sauti ya mjuzi. Virusi vya kompyuta sijawahi kuviona hata siku moja.

Akaipeleka kwenye duka la kompyuta. Fundi wa hapo aliitazama kidogo tu. "Tufute kila kitu, tuanze upya."

"Na kitabu changu?" mke wangu akauliza.

"Hapo ni bahati yako, mama."

Alirudi nyumbani amenyong'onyea. Roho iliniuma sana.

Nikaenda kupiga hodi kwa jirani yetu, mwalimu wa kompyuta. Alikuja, akavuta kiti, hakugusa kitu.

"Dada, ujumbe unasemaje hasa?"

"Hata sijui. Huwa naufunga haraka."

"Leo usiufunge. Tuusome wote."

Wakausoma mpaka mwisho. Chini palikuwa na jina la kitabu, na jina la folda.

"Kitabu kiko kwenye folda hii?"

"Hapana. Nilikihamishia folda mpya, kikae salama."

"Na uliwahi kuiagiza kompyuta ikifungue yenyewe ikiwaka?"

Mke wangu akajishika kichwa. "Ndiyo! Kazini tunaandaa vifaa mezani kabla ya zamu. Nikaona na kitabu nikiandae hivyohivyo. Nikaweka njia yake ya mkato, ile alama ya kukifungulia, kwenye folda ya vitu vinavyojifungua kompyuta ikiwaka."

"Basi haiumwi. Inakutii tu! Inakitafuta kitabu pale pa zamani, haikioni, inakwambia. Ila kabla ya kugusa chochote, kinakili kwenye flashi."

Mke wangu akakinakili. Kisha akaifungua folda ile, akaifuta njia ya zamani.

"Usiogope," jirani akasema. "Hiyo ni njia tu. Kitabu chenyewe kipo."

Mke wangu akatengeneza njia mpya, inayoelekea mahali kitabu kilipo sasa. Nikanyoosha mkono nimsaidie kubonyeza.

"Wewe kaa na randa yako," akaniambia.

Akazima kompyuta, akaiwasha tena. Sote tukakikodolea kioo macho. Kitabu kikafunguka, na ujumbe haukuonekana. Mke wangu akapiga kigelegele, nami nikapiga makofi peke yangu mpaka jirani akacheka.

Tangu siku ile hakuna ujumbe anaoufunga bila kuusoma, na nakala ya kitabu haikosi kwenye flashi. Kitabu kikaisha, kikachapwa.

Juzi msichana mwenye sare ya wanafunzi wa ukunga alisimama mlangoni mwa karakana yangu, hapa nyumbani.

"Shikamoo, baba. Samahani, hapa ndipo kwa mwandishi?"

Miaka yote watu huulizia kwa fundi.

"Marahaba, mwanangu. Ndipo hapa," nikajibu, huku nikijipangusa vumbi la mbao. "Mimi ni mume wake."