Tonge la Rafiki

Harufu ya kahawa iliyoungua ilianza Jumatatu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amekaanga kahawa. Asnakech alinusa mikono yake, akanusa meza, kisha akamgeukia Wubit aliyekaa jirani.

"Husikii harufu?"

"Harufu gani tena, mwenzangu? Umechoka tu."

Kuchoka alikuwa amechoka kweli. Ofisi ile ya bima ya mtaa wa Piassa ilikuwa imemgeuza ngoma, kila mwenye mkono anapiga, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mkuu wao, Bwana Gizachew. Wenzake walipokaa kunywa kahawa, yeye alitumwa majalada ghorofa ya chini, na akirudi anakuta vikombe vimeoshwa. Wubit peke yake ndiye aliyemhurumia. Kila mchana alimkunjia tonge la injera, ule mkate mwembamba mchachu, akamlisha kwa mkono wake. "Kula, dada yangu. Hawa nyoka waache."

Baada ya harufu ikaja pumzi. Ilimjia nyuma ya sikio akiwa kazini, halafu ikaanza kumwita jina lake, kwa sauti yake mwenyewe. Usingizi ukamhama. Daktari akampa likizo ya ugonjwa, na aliporudi Gizachew alimpokea mlangoni mbele ya wote.

"Karibu, mgonjwa wetu! Mbona umenenepa? Ugonjwa huu unauzwa wapi, na mimi nikanunue?" Watu wakacheka. "Ukiugua tena, usirudi. Meza hii ina wanaoitaka."

Asnakech alimeza machozi. Mama yake kipofu alikuwa akila kwa mshahara wa meza ile ile. Hospitali hakurudi tena. Alipanda mlimani Entoto kwa Mama Yeshi, mganga anayezungumza na majini ya zar. Bibi yule alifukiza ubani, akamnusa kinywa, akarudi nyuma.

"Hili halikuja lenyewe, mwanangu. Limeingizwa kwa kinywa, na mtu wa ofisini kwenu. Kawalishe wote kwa mkono wako. Mwenye jini lake akimeza, litamrudia. Ila asilazimishwe. Akikataa, ndiyo limepata nyumba ndani yako."

"Namjua," alisema Asnakech, na moyoni alimwona Gizachew.

Ijumaa alifika ofisini na kikapu cha injera na mchuzi wa kuku. Alianza na Gizachew. Kwa desturi yao, tonge likishafikishwa mdomoni halikataliwi. Kulikataa ni tusi kubwa kuliko kofi. Gizachew alilitazama, akafumbua kinywa, akameza, mchuzi ukabaki kwenye masharubu.

"Kumbe kupika unajua!"

Asnakech alishangaa: pumzi ile ilikuwa bado nyuma ya sikio lake. Akamlisha wa pili, naye akameza, akamlisha mwingine na mwingine, na wote waliomcheka wakameza mmoja baada ya mwingine, huku harufu ya kahawa ikizidi kupanda na ile pumzi ikimgusa shingo kana kwamba kuna mtu anayechungulia juu ya bega lake aone ni nani anayefuata, mpaka akabaki Wubit. Asnakech alimwendea kwa tabasamu, maana kwa rafiki huyu lilikuwa jambo la kukamilisha tu.

Wubit akaziba mdomo kwa kiganja. "Nimefunga, dada. Si leo Ijumaa?"

Wenzao wakatazamana. Pasaka ilikuwa ndiyo kwanza imepita, na katika siku zile hamsini za furaha hata mapadri hawafungi Ijumaa.

"Wubit," alinong'ona Asnakech. "Ni wewe?"

"Jini lilikuwa la mama yangu." Machozi yalimtoka Wubit juu ya vidole. "Likaanza kumwita binti yangu. Ningefanyaje? Wewe huna mtoto."

"Nilikuwa na wewe."

Asnakech akalisogeza tonge karibu zaidi.

"Meza basi, ndugu yangu. Nakuomba."

Wubit alitikisa kichwa, kiganja bado mdomoni. Uchungu wa kusalitiwa ulimchoma Asnakech kuliko dhihaka zote za Gizachew. Alitaka kulitupa lile tonge, lakini mkono wake ulikataa. Ulijikunja wenyewe taratibu, ukamsogelea kinywani, ukamlisha, kisha ukaingia kikapuni kuchota jingine, na jingine, naye akimeza huku macho yamemtoka akiwaomba watu msaada ambao hakuna aliyethubutu kuutoa.

Gizachew ndiye aliyesema, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. "Asnakech, nenda nyumbani ukapumzike. Wiki, mwezi, utakavyo. Nimeamini unaumwa."

Asnakech alijaribu kwenda mlangoni. Mwili ukavuta kiti, ukakaa, ukafungua jalada.

"Hatuumwi," kinywa chake kilijibu. "Tumekuja kazini."