Msimamizi Mwingine

Simu arobaini na moja zilikubali. Ya arobaini na mbili ilikataa, na ilikataa kwa namna ambayo Fundi hakuwahi kuiona katika miaka sita ya kushika simu za watu.

Kukataa kwenyewe hakukuwa ajabu. Kampuni yao ilisambaza maji ya chupa, na kila dereva, mpakiaji na karani alitakiwa kubeba simu ya kazi yenye programu ya usimamizi, ile inayomwonyesha Meneja uko wapi na unafungua nini, na inayokufungia chochote asichokipenda yeye. Shida ni kwamba kila simu huja na mlinzi wake wa ndani, na mlinzi huyo akiiona programu ya usimamizi huiita adui. "Imezuiwa. Programu hii inaweza kukudhuru." Asubuhi hiyo ya Ijumaa Fundi alikuwa ameyaona maneno hayo mara arobaini na moja. Kila mara aliingia kwenye mipangilio, akamlaza mlinzi, akaiingiza programu, kisha akamwamsha mlinzi kana kwamba hakuna kilichotokea. Vidole vilizoea mpaka macho yakastaafu.

Ya arobaini na mbili ilikuwa ya mdogo wake. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, na mama alipofariki ni Fundi aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia kazi hapo kwa kumbembeleza Meneja wiki tatu. Meneja alikuwa mtu wa wema wenye masimango: akikupa kiti, atakukumbusha kila siku kwamba umekaa. Simu mpya ilikuwapo moja, ndani ya boksi lake, lakini alisema hiyo ni ya mgeni wake wa maana. Basi Fundi akafungua droo, akatoa simu ya marehemu Dereva.

Habari ya Dereva kila mtu aliijua na hakuna aliyependa kuisema. Alikutwa kando ya barabara siku ya tatu, ameketi kwenye usukani, midomo imepasuka, ulimi umekauka, amekufa kwa kiu. Nyuma yake kulikuwa na chupa mia sita za maji. Moja alikuwa ameipakata, kifuniko kimefunguliwa, maji yamejaa mpaka shingoni. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Meneja aliuliza kama chupa zimerudi zote.

Sasa, mafundi wa kazi ile wana desturi yao. Simu ya mtu aliyeondoka, awe amefukuzwa au amekufa, huoshwa kwanza. Kila kitu hufutwa, jina hutolewa kwenye orodha, ndipo apewe mwingine. Kuosha kunachukua saa nzima. Ilikuwa saa tano na nusu, na Meneja alitaka simu zote kufikia saa sita. Fundi hakuiosha.

Alipomlaza mlinzi, kioo kiliandika: "Imezuiwa. Kifaa hiki kina msimamizi mwingine. Mpe ruhusa zote ili kuendelea." Na chini yake: "Weka kidole cha mtumiaji."

"Dada, huyu msimamizi mwingine ni nani?" Kitinda aliuliza.

"Si mtu. Ni takataka za zamani. Weka kidole, acha maswali."

Kitinda akaweka kidole gumba. Simu haikulia kengele. Ilitoa sauti ya koo linalomeza wakati hakuna cha kumeza, na ikapanda harufu ya udongo uliosahauliwa na mvua. Fundi alidhani ni vumbi la droo. Meneja alikuwa tayari anapiga kelele kutoka ofisini kwake, akiuliza kama kuna watu wanaofanya kazi humu ndani.

Kitinda alikuwa na tabia ya kuimba akiosha vyombo, na sauti yake, Mungu amsamehe, ilikuwa ya kuwafukuza paka. Jumamosi asubuhi aliosha vyombo vyote kimya.

"Leo majirani wamekupa hongo?" Fundi alimtania.

"Siruhusiwi," Kitinda alisema kwa sauti ya chini bila kugeuka.

"Nani kakukataza?"

"Msimamizi."

Fundi alicheka. Jumapili alimtuma dukani, pale kwenye kona tu, akamwona kupitia dirishani amesimama ukingoni mwa barabara, mguu mmoja umening'inia hewani kama wa kuku anayefikiria. Alikaa vile mpaka Fundi akatoka kwenda kumrudisha kwa mkono. Mkono ulikuwa wa moto na mkavu. Jumatatu alisukuma sahani ya chakula kwa sababu kilikuwa na chumvi. Jumanne aliacha kucheka, na jioni ile ile alipotaka kumwita dada yake, neno lilifika mdomoni likarudi. Alijaribu tena na tena, huku machozi yakimtoka, na hakuna alichoweza kutamka ila pumzi.

Fundi hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Aliamini kwamba kila kinachofungwa kina mahali pa kufunguliwa, basi akakaa na ile simu akijaribu kila njia aliyofundishwa na nyingine alizojifunza kwa wizi, akaiondoa programu, ikarudi, akaizima, ikawaka, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji akaiacha humo akaenda kupika, na aliporudi ndoo ilikuwa tupu na kavu, imepasuka ndani kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na simu iko mezani, haina hata tone, imejiwasha yenyewe, inamwonyesha orodha. Kuimba: imezuiwa. Njia ya dukani: imezuiwa. Chumvi. Kucheka. Dada. Kila mstari ulikuwa na tarehe na saa, umepangwa vizuri kuliko orodha yoyote aliyowahi kumpelekea Meneja. Mstari wa mwisho ulikuwa bado haujafika siku yake. "Maji: kuanzia Alhamisi, saa sita mchana."

Aliogopa. Alimkumbuka Dereva na ile chupa aliyoipakata, akaelewa kilichomkalia pale barabarani siku tatu.

"Muache mdogo wangu," alinong'ona.

Kitinda alikuwa ameketi kitandani, uso ukutani. Aliyejibu alitumia mdomo wake, lakini sauti ilikuwa kavu, ya taratibu, yenye adabu mbaya ya makarani wa madirishani wanaofunga ukiwa umebaki mmoja kwenye foleni.

"Ombi lako limekataliwa. Ruhusa ulitoa mwenyewe. Hukuulizwa mara moja, uliulizwa mara mbili."

Jumatano alimpeleka kwa Bi Mapazia, akamsimulia ile orodha yote. Mwanamke huyo alishona mapazia, na kutoa majini kulikuwa kazi yake ya pembeni, kazi ambayo hakuipenda kabisa kwa sababu iliwafukuza wateja wa mapazia. Alimtazama Kitinda, akanusa hewa, akachomoa pini mdomoni.

"Huyu ni jini wa ukame," alisema. "Haingii kwa nguvu, ana kiburi. Lazima akaribishwe. Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi. Sikujua."

"Ulisoma?"

Fundi alianza kukunja pindo la pazia lililokuwa karibu yake.

"Basi ulijua kusoma, hukusoma. Nisikilize, mwanangu. Mimi siwezi kumtoa, amtoe aliyemwingiza. Tafuta simu mpya, ambayo haijashikwa na mtu, isiyouliza kidole cha mtu. Ziweke mbili, uso kwa uso, umwambie kwa mdomo wako: toka huku, ingia humu. Akishaingia niletee, nitamzika mimi. Lakini chombo kiwe kitupu. Ukimweka kwa mtu, umemhamisha tu, na safari hiyo hataingia kwa kubisha hodi."

"Na akikataa?"

"Hatakataa. Hawa wanapenda kuongezewa." Akarudi kwenye cherehani yake. "Kabla ya hiyo saa sita. Baada ya hapo utanikuta na kitambaa cheupe, na sitaki kukushonea."

Alhamisi Fundi aliingia kazini akimshika Kitinda mkono. Binti alikuwa amekonda kwa siku sita kama mtu wa miezi sita, na harufu ya udongo ilimtangulia mlangoni. Mezani palikuwa na simu ya Meneja. Alikuwa amejinunulia mpya ya fahari, na mlinzi wa ndani ameizuia programu kama alivyozuia kwa wengine, basi ameiacha hapo na karatasi: "Nataka leo." Simu ya Meneja, ikishapokea programu, ndiyo huwa mama wa simu zote. Humo ndimo alimokaa akifunga na kufungua za watu.

Fundi hakuijali. Alifungua kabati, akatoa boksi la simu ya mgeni wa maana, akakata utepe. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Alikuwa ndiyo kwanza anaitoa kwenye plastiki yake Meneja alipoingia.

"Nani kakuruhusu kugusa hiyo?"

"Meneja, naomba dakika tano. Nitailipia. Mdogo wangu anakufa."

Meneja akamtazama Kitinda, ambaye macho yake yalikuwa yameganda kwenye chupa ya maji iliyo mezani. "Anakufa kwa uvivu. Siku ya sita kazini, hasalimii mtu, hacheki na mteja. Mlifika hapa mkinililia, nikawahurumia. Kesho asije." Alimpokonya simu mpya, akaiwasha pale pale kwa kidole chake ili ahakikishe haijaharibiwa, akaitia mfukoni. "Na ile yangu niikute tayari kabla sijatoka kula."

Akaondoka. Zilibaki dakika tisa, na duka la simu lilikuwa mwendo wa nusu saa.

Simu mbili zilibaki za kuchagua, na zote zilikuwa na watu: ya kwake mwenyewe na ya Meneja. Tuseme ukweli, alifikiria ya kwake kwanza. Aliishika. Alijiona ameketi mahali fulani na chupa mapajani, na akajua kwamba kwa ajili ya Kitinda angeweza. Kisha akasikia kicheko cha Meneja kupitia ukutani, akizungumza na mgeni wake wa maana, na chuki ya miaka sita, ile aliyokuwa akiimeza kila asubuhi pamoja na chai, ikampanda. Akaiweka ya kwake chini.

Alizilaza mbili uso kwa uso, ya Dereva na ya Meneja. "Toka huku," alinong'ona, "ingia humu." Alisema kwa raha. Hakuna aliyemsikia ila Kitinda na huyo mwingine.

Kioo kikaandika: "Weka kidole cha mtumiaji."

"Meneja," aliita, na sauti yake ilikuwa laini kama ya siku alipoomba kazi. "Imekwisha. Imebaki kidole chako tu."

Meneja alikuja anaongea na mtu mwingine, akanyoosha kidole bila kutazama kioo, maana katika maisha yake hakuwahi kusoma alichowafungia wengine. Simu ikameza. Akaikwapua, akapiga hatua mbili, akalegeza tai shingoni. "Mbona humu ndani kuna vumbi," alisema, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Saa sita kamili.

Kitinda alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akaikamata ile chupa ya mezani kwa mikono miwili, akanywa mpaka maji yakamtiririka kidevuni na kulowesha blauzi. "Dada," alisema. "Dada, dada, dada." Akacheka kwa kulisikia neno. Fundi alimkumbatia, akalia kwenye bega lake lililolowa, na hakusikia hata chembe ya huruma kwa mtu aliyekuwa nyuma ya ule mlango. Alisikia furaha, na alijua ni furaha mbaya, akaifurahia hivyo hivyo.

Alipoinua uso, macho yake yaliangukia kwenye kompyuta, kwenye orodha ya simu zote za kampuni. Mbele ya kila jina huandikwa anayeisimamia, na siku zote huwa ni Meneja. Mstari wa kwanza ulisomeka: msimamizi mwingine. Ukafuata wa pili. Wa tatu. Ilikuwa inashuka polepole, bila haraka, jina kwa jina, madereva kwanza, na kutoka uani, ambako wapakiaji walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori wakifungua chupa zao za mchana, akasikia koo moja likimeza pakavu, kisha la pili, kisha mengi pamoja, ndani ya mifuko ya watu ambao bado walikuwa wanataniana na hawajajua kwa nini mikono yao imesimama katikati ya njia kwenda mdomoni. Na mistari ikaendelea kushuka, kumi na tisa, thelathini, ikapita kwenye jina la Fundi mwenyewe kama ilivyopita kwa wengine, ikaelekea chini kabisa, kwenye ya arobaini na mbili, ile iliyokuwa bado mezani karibu na kiwiko cha Kitinda.

Fundi alifungua mdomo amwambie aitupe, akimbie, asiiguse. Ulimi ulilala ndani ya kinywa chake kama kitu cha mtu mwingine.

Kitinda alijifuta kidevu, akatabasamu, akanyoosha mkono kuichukua simu yake.

"Dada," alisema, "mbona unaniangalia hivyo? Sema kitu basi."