Gari la Kuvutwa

Siku magari ya mashindano yalipopita Shinyanga, mwaka wa sabini na mbili, mji mzima ulimwagika barabarani. Watu walipanda hata juu ya marobota ya pamba. Anisia, msichana wa mitambo ya simu pale posta, alitoroka kazini na gauni lake la krimplini la rangi ya ndimu, akasimama ukingoni kabisa mwa kona.

"Dada, sogea!" Mtu alimvuta kiwiko. "Linalokuja ni Porsche. Injini iko matakoni. Likikata kona, matako yanataka kutangulia."

"Kaka, una adabu wewe?"

"Nasema gari, dada. Sijakusema wewe."

Anisia aligeuka. Kijana mrefu, suruali ya bugaluu ya kaki, kucha nyeusi kwa grisi. Gari likapita likiserereka, likawamwagia vumbi wote wawili. Kijana aliitwa Athanas, fundi wa gereji, na kabla hawajamaliza kupiga chafya alikuwa ameshamsomesha: Datsun injini yake iko mbele, lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, Saab magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta.

"Kama ng'ombe na plau," Anisia akasema.

"Ndiyo maana silitaki! Mwanamume mzima unavutwa? La kusukuma ukikanyaga mafuta linakubandika kitini."

"Na matopeni?"

"Matopeni... la kuvuta linapita," Athanas akakiri.

"Basi mimi nachukua la kuvuta. Litanifikisha nyumbani."

"Olewa na Saab, basi."

"Bora. Halina mdomo."

Mapenzi yao yalikulia kwenye waya. "Shinyanga, nikuunganishe na nani?" Anisia angeuliza, na sauti ya gereji ingejibu, "Na wewe, ua langu." Kisha Athanas akapata kazi Geita, na huko akanunua gari dogo jekundu la mbio, lililoachwa na Mzungu mmoja mgodi ulipofungwa. Chini kama sahani. La kusukuma, bila shaka. Alilifufua Jumamosi baada ya Jumamosi.

Lakini nyumbani kwao Anisia, Ushirombo, mwalimu Donatus alikuwa ameshaleta posa, na ng'ombe wake walikuwa tayari. Anisia alimlilia baba yake, Mzee Alois, naye akasema, "Huyo fundi wako aje Jumapili, baada ya misa. Asipofika, Jumatatu ng'ombe wa mwalimu wanaingia zizini."

"Njoo na basi, Athanas," Anisia alimsihi kwenye simu. "Mvua hizi si za mchezo."

"Nije ukweni na basi, kama muuza dagaa? Nakuja na gari langu. Shangazi zako wapige vigelegele."

Jumapili ile shangazi walichinja kuku, wali ukapoa, chai ikapashwa na kupashwa tena. Anisia alikaa barazani na gauni lake la rangi ya ndimu hadi taa zilipowashwa. Mzee Alois hakugomba. Kesho yake aliwafungulia ng'ombe wa mwalimu mlango wa zizi.

Athanas alipopiga simu, Anisia alichomoa waya. Akapiga tena, akachomoa tena. Ikaendelea hivyo majuma kadhaa, mpaka siku moja alipomwahi.

"Usichomoe! Nilizama, Anisia. Mbugani, kwenye tope jeusi, kabla ya Runzewe. Gari lililala kifudifudi, magurudumu ya nyuma yakawa yanajichimbia kaburi."

"Hapakuwa na watu?"

"Walikuwepo. Mzee mmoja alileta ng'ombe wake wa plau, na mnyororo."

"Sasa?"

"Nilikataa. Nilikumbuka maneno yangu ya pale konani. Ningefikaje kwenu nimevutwa? Niliazima jembe, nikachimba. Nilikuja kutoka matopeni Jumatatu, jua linazama. Nilifika karibu na kwenu, nikasikia ng'oma, nikageuza."

Anisia alicheka. "Athanas, mume wangu," alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "ningekupokea hata ungevutwa na mbuzi."

"Basi ng'ombe wa mwalimu warudishwe. Nakuja na wangu."

"Hawapo. Baba amemwolea kaka Clemens mke kwa ng'ombe hao. Mke mwenyewe, Limi, ameshaingia nyumbani, anatwanga na mama. Nikivunja mimi posa, ng'ombe watadaiwa, naye atarudishwa kwao."

Athanas naye alikuwa mtoto wa nyumba zenye mazizi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Ni msichana mzuri, huyo Limi?"

"Ananiita wifi. Ananisuka nywele kila nikienda nyumbani."

"Basi chomoa, ua langu."

Hakuweza. Athanas ndiye aliyekata.

Miaka ikaenda. Anisia akawa Mama Justa, mke wa mwalimu mpole asiyemkosea kitu, na kazi yake ya mitambo ya simu Shinyanga bado ilikuwa ileile. Asubuhi moja ya mvua, laini ya Geita iliita.

"Shinyanga, nikuunganishe na nani?"

Sauti aliyoijua ikajibu: "Na duka la spea, dada."

Anisia hakuuchomeka waya. "Gari gani?"

"Lilelile. Sikuliuza."

"Bado linazama?"

"Linazama. Lakini siku hizi natembea na mnyororo nyuma ya kiti. Nikiona ng'ombe tu, naomba."

Anisia alijifuta macho kwa kiganja.

"Subiri, kaka," alisema. "Nakuunganisha."

Akachomeka waya, akavua vyombo vya masikioni asiwasikilize, kama sheria ya kazi ilivyotaka, akakaa akiutazama waya ule hadi Athanas alipomaliza kuzungumza na duka.